Kupanga chumba cha bei nafuu Guangzhou bila kupigwa

Kabla hujauliza bei uliza hivi: "neng dengji ma?", yaani naweza kuandikishwa polisi kwa anwani hii? Akisema bu neng, yaani haiwezekani, achana nacho, hata kama ni yuani 600 na kina esi mpya. Sheria ya China inataka mgeni anayelala nje ya hoteli aripoti polisi wa eneo ndani ya saa 24 tangu afikie pale, hotelini wanakumalizia wao mapokezi ila ukipanga ni juu yako na mwenye nyumba, na faini inaweza kufika yuani 2000. Na faini ndo nafuu, asikwambie mtu. Kazi ni siku unaenda kuongeza viza au kibali cha ukaazi, wanataka ile karatasi ya polisi, wewe huna, unampigia mwenye nyumba hapokei, siku zinayoyoma. Kama ni mwanafunzi ongea na chuo kwanza, kuhama hosteli kimyakimya kunaleta balaa.

Ndo maana wengi watakukatalia. Wengine ni ubaguzi tu, akisikia Feizhou, yaani Afrika, chumba kimeshachukuliwa tayari, ila wengine kwa kweli wanakwepa usumbufu wa kwenda kituoni. Wa namna hii ya pili ukimwambia twende wote, nakala nachapa mimi, analainika.

Sehemu sasa. Wageni kutoka kwetu wanakimbilia Xiaobei na Sanyuanli kwa sababu ndiko walipo watu, chakula na mizigo, na Xiaobei ina kituo cha treni ya chini laini namba 5, Sanyuanli namba 2. Ukitaka nafuu sogea pembeni vituo vitano sita, halafu ingia uswahilini kwao, wanapaita chengzhongcun. Ni vijiji vilivyomezwa na jiji, maghorofa yamebanana mpaka jirani wa jengo la pili unaweza kumpa mkono kupitia dirishani, na Wachina wenyewe wanayaita hivyohivyo, majengo ya kupeana mikono. Mimi nilikaa huko, chumba self yuani 950, saa sita mchana nawasha taa. Lakini nilitunza hela.

Ukienda kuangalia, nusa. Aise, nasema nusa kweli, fungua kabati, vuta kitanda kidogo uangalie ukuta nyuma yake. Kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne hivi kuna kipindi wanakiita huinantian, hewa ya joto yenye unyevu inaingia toka kusini ikakuta kuta bado zina baridi, basi kuta zinatoka jasho, sakafu inakuwa kama umemwaga maji, nguo haikauki siku nne, na viatu vya ngozi vinaota ukungu wa kijani ndani ya kabati. Ghorofa ya chini ndo inaumia kuliko zote. Na huko juu ya sita ni bei chee kwa sababu lifti hakuna, we mwenyewe pima na gunia lako la mchele. Ya tatu au ya nne ndo penyewe.

Hela ya kuanzia. Guangzhou wengi wanatumia "ya er fu yi", dipoziti ya miezi miwili na kodi ya mwezi mmoja. Kwa chumba cha 1000 unatoa 3000, na kama umepita kwa dalali ongeza ada yake, mara nyingi nusu ya kodi. Beijing na Shanghai utakutana sana na "ya yi fu san", dipoziti mwezi mmoja kodi miezi mitatu, hapo 4000 kabla ya dalali. Akikuomba hela ya kushikilia chumba angalia alichoandika kwenye risiti, kuna dingjin mbili zinatamkwa sawasawa ila herufi ya kwanza ni tofauti: 定金 ukighairi imeliwa, 订金 kwa kawaida inarudi. Piga picha mtumie mtu anayesoma Kichina KABLA hujalipa.

Mtu wa kumwogopa zaidi ni er fangdong, mwenye nyumba wa pili, yaani kapanga yeye halafu anakupangisha wewe. Si wote wezi, ila mmoja alipotea na dipoziti ya mshkaji wangu, na mwenye nyumba halisi akaja na kufuli jipya. Omba kuona fangchanzheng, hati ya nyumba, na kitambulisho, majina yafanane. Nyumba za uswahilini nyingi hazina hati hiyo, basi usibishane naye, nendeni kituoni pamoja kwanza, polisi wakikubali kukuandikisha ndo utoe hela.

Umeme nao. Bei ya kawaida ya nyumbani ni kama mao 6 (mao 10 ni yuani 1) kwa uniti ila uswahilini mwenye nyumba anakukata yuani 1 hadi moja na nusu, na ikifika mwezi wa saba esi haizimwi, utakoma. Iandikwe kwenye mkataba. Siku ya kuingia piga video kila kona, mita ya maji, mita ya umeme, kile kigae kilichopasuka, umtumie kwa WeChat palepale ili tarehe ibaki.

Na ukihama mpe taarifa mapema kama mkataba unavyosema, someni mita wote wawili, na funguo ikae mfukoni mwako mpaka dipoziti isome kwenye simu.