Kutambua Mnyauko wa Migomba kwa Kipimo cha DNA: Mwongozo kwa Walimaji wa Bukavu na Vijiji Vyake

Mkulima wa Kabare au Walungu akiona majani ya mgomba yamenyauka na kugeuka manjano, mara nyingi hukata shauri kwamba ni mnyauko wa bakteria, ule ulioonekana Masisi, Kivu Kaskazini, mwaka 2001. Lakini ugonjwa wa Panama, unaoletwa na kuvu, nao hunyausha majani kwa namna inayofanana, kwa hiyo anza na kisu. Kata shina na ungoje robo saa: utomvu mzito wa manjano ukichuruzika, tena ndizi changa iliyopasuliwa ikawa na madoa ya kahawia ndani, shuku bakteria, kwa kuwa Panama haitoi usaha huo wala haiozeshi tunda.

Kipimo cha DNA kina faida kubwa zaidi pale ambapo macho hayaoni kitu, kwa maana chipukizi linaweza kubeba bakteria huku likionekana zima kabisa, na ndilo jirani anampa jirani apande.

Kwa maoni yangu, kipimo huharibikia shambani kuliko maabarani. Panga lililokata mgomba mgonjwa, likikata mzima bila kusafishwa, hupeleka ugonjwa na pia hudanganya majibu. Basi lichome motoni au lioshe kwa javeli kila unapohamia mgomba mwingine. Kata kipande cha ukubwa wa kidole mahali sehemu iliyooza inapokutana na ile nzima, kwa sababu katika uozo mkavu vijidudu vingine huwa vimekwisha kuingia. Ikiwa ni chipukizi lisilo na dalili, chukua sehemu ya chini, karibu na tunguu. Weka kila kipande katika bahasha yake ya karatasi, andika kijiji, tarehe na aina ya mgomba, kisha uiweke kivulini, mahali pa baridi, hadi ifike maabarani. Kabla ya kusafiri, uliza kama maabara hiyo inapima ugonjwa huu.

Huko kipande husagwa, DNA ikatolewa, kisha mashine ya PCR, inayonakili kipande cha DNA mara nyingi, huipasha moto hadi nyuzi 95, huipoza, na kuipasha tena hadi 72, mara thelathini na kitu. Praima zinazotumika sana, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha mahali pa kunakili, hunasa sehemu ya jeni ya bakteria iitwayo gspD. Kwenye jeli, inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu, mstari wa jozi 265 za besi (vijenzi vya DNA) huonyesha kwamba *Xanthomonas*, bakteria wa mnyauko, yumo. Usikubali majibu ambayo hayakupimwa pamoja na DNA ya bakteria inayojulikana na maji matupu: mstari ukitokea kwenye maji, kazi yote irudiwe.

Mstari ukitokea kwenye sampuli na kwenye DNA ya bakteria inayojulikana, lakini si kwenye maji, kata mgomba huo usawa wa ardhi na usitoe chipukizi lolote katika kundi hilo la migomba iliyoota pamoja. Usipotokea kwenye sampuli, usiharakie kufurahi, maana bakteria hawaenei sawasawa ndani ya mgomba. Pima machipukizi mengine mawili au matatu ya kundi lile lile kabla ya kumpa jirani mbegu.