Kufunga akses pointi kwenye jengo bila mtu kupigwa shoti

Juzi kijana mmoja ninayemfundisha kazi alinipigia akiwa juu ya ngazi. "Fundi, hii akses pointi inanitekenya nikiishika." Nikamwambia ashuke kwanza, maongezi baadaye. Kifaa cha Wi-Fi kinacholishwa volti hamsini na kitu za DC hakina ubavu wa kumtekenya mtu mwenye mikono mikavu. Kikitekenya, kuna umeme mwingine umeingia humo kwa mlango wa nyuma. Tulimpata mwizi wetu baada ya nusu saa, nitamtaja kwenye hatua ya 5. Nimeandika haya kwa sababu mimi mwenyewe mwizi wa ukoo huohuo aliwahi kunila siku mbili nzima.

Hatua ya 1: Jua kazi yako inaishia wapi

Kebo za data, swichi ya mtandao (kisanduku cha poti nyingi kinachounganisha kebo hizo) na akses pointi ni zako. Kuongeza soketi, kugusa breka au kufungua bodi ya umeme ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, hata kama unajua kuifanya. Muulize pia jengo linafuata kanuni gani na toleo la mwaka gani. Nchi nyingi zimejenga kanuni zao juu ya IEC 60364, Uingereza wana BS 7671, Marekani wana NFPA 70. Vipimo hutofautiana, kwa hiyo usibebe namba za nchi moja ukazipeleka nyingine.

Hatua ya 2: Lisha kwa PoE, achana na adapta

PoE ni umeme unaopita kwenye kebo hiyohiyo ya data. Sitaki kuona adapta juu ya dari. Adapta inahitaji soketi, soketi haipo, basi mtu anavuta ekstensheni na kuifukia juu ya siling bodi, inakaa miaka humo na vumbi na panya. Kanuni za Marekani zinakataza waziwazi kuficha waya wa namna hiyo juu ya dari ya kuning'inia, na hata pasipokatazwa ni uzembe.

Tumia swichi ya PoE inayofuata kiwango cha IEEE. Ile ya 802.3af inatoa wati 15.4 kwenye poti, 802.3at inatoa 30, na 802.3bt ya mwaka 2018 inafika 60 au 90. Akses pointi haipati zote, nyingine zinaishia njiani kama joto la kebo: katika 30, hesabu 25.5 upande wa pili. Angalia pia bajeti ya swichi nzima. Swichi ya poti 24 yenye bajeti ya wati 370 haiwezi kulisha vifaa 24 vya wati 30, piga hesabu mwenyewe.

Zile injekta (visanduku vya kuingiza umeme kwenye kebo ya data) zinazosukuma umeme bila kuuliza kifaa kinahitaji nini, mimi sizifungi. Swichi ya kiwango hupima kwanza kama upande wa pili kuna kifaa cha PoE ndipo ifungulie umeme. Injekta hizo hazina adabu hiyo, na siku mtu atachomeka kompyuta yake pale.

Hatua ya 3: Kebo

Shaba tupu. Sokoni kuna kebo ya alumini iliyopakwa shaba, bei yake inavutia na boksi limeandikwa Cat6 kwa herufi kubwa. Chukua uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Alumini hiyo ina ukinzani mkubwa kuliko shaba, kwa hiyo inachemka zaidi ikibeba PoE, na inakatika ukiikunja mara mbili tatu. Haikidhi viwango vya Cat5e wala Cat6, hata boksi liseme nini.

Ganda la kebo nalo lina daraja lake la moto. Kama nafasi ya juu ya dari ndiyo inayopitisha hewa ya viyoyozi, Marekani wanadai kebo ya daraja la CMP, kwa sababu moshi wa pale unasambazwa jengo zima kwa dakika chache. Ulaya wana madaraja yao, kama Eca, Dca, Cca na B2ca. Daraja huandikwa kwenye ganda lenyewe. Soma ganda, sio risiti.

Usifunge kebo za PoE kama mzigo wa kuni, maana za katikati hazipati hewa. Mimi sizidishi 24 kwa fungu moja.

Hatua ya 4: Njia

Kebo ya data haipiti paipu moja na nyaya za umeme. Kanuni za Marekani zinataka angalau milimita 50 kati yao pasipo na kizuizi, na mimi huongeza nikipata nafasi. Mkilazimika kupishana, pishana kwa pembe mraba. Kebo isilale juu ya siling bodi, itundike kwenye vishikio vilivyofungwa kwenye jengo lenyewe.

Kabla ya kutoboa, tazama soketi na swichi za taa zilipo: nyaya zake kwa kawaida zinapanda au kushuka wima kutoka hapo. Tundu lililopita ukuta wa kuzuia moto lizibwe kwa dawa iliyopimwa kwa kazi hiyo. Povu la kawaida la kuzibia madirisha linaungua.

Ukilazimika kufanya kazi karibu na nyaya za umeme, fundi umeme azime na afunge breka kwa kufuli. Kisha jaribu kipimo chako mahali penye umeme, pima pale unapofanyia kazi, halafu kijaribu tena penye umeme. Mara tatu, kwa sababu kipimo kibovu na waya uliokufa vinatoa jibu moja. Ile testa ya bisibisi yenye kitaa iache nyumbani.

Hatua ya 5: Ethi

Ethi ni waya wa usalama unaounganisha chuma cha kifaa na ardhi. Hapa kaa chini.

Kebo ziko za aina mbili, zenye foili (karatasi ya chuma inayozungushiwa nyaya ndani ya ganda) na zisizo na foili. Foili ikifungwa kwenye plagi ya chuma inakuwa waya mmoja mrefu unaounganisha bodi la swichi, yaani kasha lake la chuma, na bodi la akses pointi. Chochote kilichopo kwenye chuma cha huku kinatokea kule. Ndiyo maana ndani ya jengo moja mimi hutumia kebo isiyo na foili, isipokuwa karibu na mashine zenye kelele nyingi za umeme. Poti za kiwango zimetengwa ndani kwa ndani, kwa hiyo bila foili ethi za vifaa viwili hazikutani.

Sasa mwizi wa yule kijana. Swichi yake ilikuwa na plagi ya pini tatu iliyochomekwa kwenye kigeuzi cha pini mbili, yaani haikuwa na ethi kabisa. Ndani ya pawasapulai ya swichi kuna kapasita ndogo za kuchuja kelele, zimeunganishwa na bodi. Ethi isipokuwepo, kapasita hizo zinaliacha bodi likielea kwenye takriban nusu ya volti za jengo. Nilimwambia aweke multimita kwenye AC, ncha moja kwenye plagi ya chuma ya kebo, nyingine kwenye ethi ya soketi nzima. Ikasoma 108. Mkondo wake ni mdogo, unatekenya tu, lakini vifaa vitano kwenye ekstensheni moja isiyo na ethi vinajumlisha, na anayetekenywa juu ya ngazi anaweza kuanguka. Alitoa kigeuzi, akachomeka kwenye soketi yenye ethi iliyopimwa, ikasoma chini ya volti moja.

Kesi yangu ilikuwa ngumu zaidi. Majengo mawili, ofisi na ghala, kebo ya foili ya mita 70 kati yao. Akses pointi ya ghalani ilikuwa inajizima na kujiwasha kila mchana. Nikabadilisha akses pointi, nikakrimpu upya ncha zote mbili, nikabadilisha swichi. Hata wazo la programu dhibiti mbovu nililifuata jioni nzima. Siku ya pili nilichomoa plagi upande wa ghala, nikapima kati ya foili na nguzo ya chuma: volti 31 za AC, mashine zikiwa zinafanya kazi. Zikizimwa, volti 2. Kila jengo lilikuwa na bodi yake ya umeme na ethi yake, na foili yangu ndiyo ilikuwa daraja kati yao. Mkondo wa ethi wa ghala zima ulikuwa unajaribu kurudi kupitia kebo ya data.

Na kabla ya kugundua hilo nilikuwa nimefanya kosa baya zaidi: nilipigilia fimbo yangu ya ethi nje ya ghala "kuimarisha", bila kuiunganisha na ethi ya jengo. Chukua fimbo yenye ukinzani wa oms 20. Radi ikiingiza ampia 1,000 tu pale, fimbo inapanda volti 20,000 juu ya ethi ya jengo, na njia ya kusawazisha tofauti hiyo ni kebo yako na kila kilichochomekwa kwake. Jengo liwe na mfumo mmoja wa ethi. Fimbo ya ziada ikiwepo lazima iunganishwe nao. Marekani wanadai shaba isiyopungua 6 AWG, karibu milimita mraba 13, na kazi hiyo ni ya fundi umeme.

Kati ya majengo tumia faiba (kebo ya nyuzi za kioo inayopitisha data kwa mwanga) isiyo na chuma ndani, kila upande ulishwe umeme wa kwake. Ndivyo nilivyomalizia ghalani. Akses pointi ya nje ukutani au kwenye nguzo: weka kizuia radi pale kebo inapoingia ndani, na waya wake wa ethi uende mfupi na mnyoofu kwenye ethi kuu. Waya uliozungushwa kwa urembo radi haiufuati.

Na tafadhali, usitibu kutekenya kwa kukata ethi ya upande mmoja. Utekenyaji utaisha, lakini siku swichi itakapopata hitilafu ya kweli hakutakuwa na njia ya kuangusha breka.

Hatua ya 6: Funga na uwashe

Bana kwa skrubu kwenye muundo wa jengo au reli ya dari, ongeza waya wa usalama kama inaning'inia juu ya watu. Chomeka. Kabla ya kuigusa tena, pima chuma chake na ethi kwa multimita. Ikiwa zaidi ya volti chache, rudi hatua ya 5.

Hatua ya 7: Lebo

Ncha zote mbili za kila kebo. Kwenye breka inayolisha swichi, fundi umeme aandike "Mtandao", ili mtu asiizime akitafuta ya jikoni.