Mvinyo mweupe wa Dodoma mezani Dar: kuupoza, kuuonja na kuupatia chakula

Mvinyo unaozungumziwa hapa ni ule wa zabibu za Chenin Blanc zinazolimwa Dodoma. Asili ya zabibu hizi ni bonde la mto Loire, Ufaransa, na sifa yake kubwa ni uchachu usiokufa hata penye jua kali. Ukishuka Dar, mvinyo huu una maadui wawili: joto na ndimu.

Hatua ya 1: Chupa

Hakikisha kama ni mkavu (usio na utamu wa sukari) au mtamu, maana chakula kitategemea hilo. Chukua wa mwaka wa karibuni. Si mvinyo wa kuweka kabatini miaka. Chupa iliyosimama kwenye dirisha la duka iache hata kama bei imepunguzwa. Joto huupika: rangi hutoka njano mpauko ikaelekea kahawia, na ladha ikawa ya tufaha lililochemshwa.

Hatua ya 2: Kupoza

Lenga nyuzi joto 8 hadi 10. Kwenye friji, saa tatu. Umeme ukikatika, tumia ndoo: barafu nusu, maji nusu, konzi ya chumvi, chupa izame hadi shingoni kwa dakika 20 hadi 25. Usiache kutia maji. Barafu tupu hugusa chupa sehemu chache, maji huizunguka yote, na chumvi huyafanya yawe baridi zaidi. Ukiiweka kwenye friza na kuisahau, mvinyo huganda, hutanuka na kusukuma kizibo. Barafu ndani ya glasi ni kuuzimua tu.

Hatua ya 3: Kuonja

Mimina kidogo, kama mililita 100, kwa sababu barazani glasi hupata joto upesi. Shika shina la glasi, zungusha, nusa. Ukiwa baridi utasikia tufaha bichi na peasi. Ubaridi ukianza kupungua hujitokeza pera, embe, pengine asali. Harufu ya siki maana yake hewa imeuharibu. Harufu ya kadibodi iliyolowa ni ya kizibo kibovu, na hiyo haina dawa.

Hatua ya 4: Chakula

Anza na samaki wa kupaka, hakuna kinachoushinda. Mafuta ya tui hufunika ulimi, uchachu wa mvinyo mkavu huyakata, na kila tonge huwa kama la kwanza. Shida ni mkono mzito wa ndimu. Chakula kikiwa kichachu kuliko mvinyo, mvinyo hupooza ukawa kama maji. Kwa changu wa kilo moja, ndimu nusu wakati wa kumkolezea inatosha, na usikamulie nyingine mezani. Tangawizi na kitunguu saumu havina neno.

Pilipili nayo iangalie: kileo huikoleza, mdomo ukawaka. Kwa pweza wa pilipili au mihogo ya Coco Beach, chukua ule wenye utamu kidogo, tena uwe baridi sana. Kamba wa kukaanga, kuku wa nazi na mbaazi za nazi vyote vinakubali mkavu. Pilau inakwenda, ila kachumbari iwe na chumvi zaidi kuliko ndimu. Mishkaki ya ng'ombe uachie mvinyo mwekundu.

Kaimati na visheti visikaribie mvinyo mkavu: sukari ya chakula ikizidi ya mvinyo, unachobaki nacho mdomoni ni ukali mtupu.

Hatua ya 5: Kilichobaki

Ziba, rudisha kwenye friji ikiwa imesimama, maliza ndani ya siku tatu. Baada ya hapo ni wa jikoni, ilimradi haujawa siki. Nusu kikombe cha chai kwenye kamba wa nazi: mimina juu ya vitunguu vilivyoiva, uache ukaukie, ndipo utie tui zito mwishoni kwa moto mdogo huku ukikoroga. Tui likichemka sana pamoja na uchachu huo, linakatika.