Jinsi ya kuunda timu ya uongozi ya shirika la wazee linalohudumia mkoa mzima

Hii nawaandikia wale wenye shirika la kuhudumia wazee ambalo lilianza na watu watano wenye moyo, sa hivi limeshafika mkoa mzima na mambo yameanza kuwazidi nguvu. Nimekaa kwenye mashirika ya aina hii miaka mingi, kwenye bodi na pia kwenye menejimenti, na kitu kimoja nakiamini kabisa: timu nzuri ya uongozi ni ile ambayo shida ya mzee anayeishi mbali kuliko wote inawafikia viongozi ikiwa bado mbichi, kabla haijapikwa ikawa ripoti.

Niwape mfano wa kwangu. Ijumaa moja jioni mama mmoja mzee anayeishi peke yake alianguka bafuni. Jirani akampigia volontia wetu, volontia akampigia mratibu wa eneo, mratibu anahitaji ruhusa ya kutoa pesa ya gari, na anayeruhusu ni mkurugenzi peke yake, na mkurugenzi yuko safarini simu haipatikani. Yule mama alikaa sakafuni mpaka usiku, majirani ndo wakachangishana wakapata gari. Kwenye kikao cha bodi kilichofuata tukasoma "tukio moja la dharura, limeshughulikiwa", basi, tukafungua ukurasa mwingine. Mimi nilikuwepo, niliipitisha ile ripoti kama wenzangu, na sikujua hadithi yenyewe mpaka miezi imepita nilipokutana na yule mratibu akanisimulia huku analia.

Kwa hiyo kabla hujaanza kutafuta watu, chukua karatasi. Chini kabisa andika mzee aliyeko mbali zaidi, juu kabisa andika bodi, halafu katikati andika kila mtu ambaye taarifa inapitia kwake, tena andika majina, usiandike vyeo, manake vyeo vinaficha mambo. Ukikuta jina moja ambalo likikosekana siku mbili kila kitu kinasimama, hapo ndo pa kuanzia. Ukikuta watu watano kati ya mzee na mwenye uamuzi, punguza. Zoezi lenyewe ni la nusu saa na litakuonyesha mengi kuliko semina ya siku tatu.

Halafu tenganisha bodi na menejimenti, kweli kweli, siyo kwenye katiba tu. Bodi inapanga mwelekeo, inapitisha bajeti, inamwajiri mkurugenzi mtendaji na kumpima kila mwaka, basi. Menejimenti inafanya kazi ya kila siku. Najua kwenye mashirika mengi mwanzilishi ndo mwenyekiti na ndo mkurugenzi na shemeji yake ndo mweka hazina, na mara nyingi ni watu wazuri tu waliojitolea jasho lao, lakini hapo nani atamuuliza nani? Mwanzilishi achague kiti kimoja. Wajumbe 7 mpaka 9 wanatosha, muhula wa miaka 3 na usizidi mihula miwili, ila msiwape wote tarehe moja ya kumaliza, wapokezane, la sivyo mtaamka siku moja bodi nzima ni wageni. Na kila mwaka kila mjumbe aandike na kusaini maslahi yake, kama ana biashara inayouzia shirika au ndugu aliyeajiriwa humo, na ikifika ajenda inayomhusu atoke nje.

Kwenye ujuzi mnahitaji mwanasheria (wosia, mirathi na umiliki wa nyumba ni mambo ya kila wiki kwenye kazi hii), mhasibu, muuguzi au daktari aliyezoea wazee, na mtu wa ustawi wa jamii. Mtu mwenye jina kubwa ambaye haji vikaoni muombeni awe mlezi, kiti chake cha bodi mpeni atakayekuja.

Sasa wazee wenyewe. Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo panapoharibiwa zaidi. Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Wazee tarehe 16 Desemba 1991, ziko 18 na zimegawanywa mafungu matano: uhuru, ushiriki, matunzo, kujiendeleza na utu. Kwenye ushiriki imesemwa wazi kwamba wazee washiriki kutunga na kutekeleza sera zinazowagusa. Hiyo ni zaidi ya kualikwa kufungua kikao kwa sala halafu wakakaa kimya. Wekeni wazee wasiopungua wawili kwenye bodi, wenye kura kamili. Nasema wawili kwa sababu mmoja peke yake ataheshimiwa sana na hatasikilizwa. Na angalau mmoja awe anapokea huduma zenu. Mstaafu wa miaka 68 mwenye gari na pensheni nzuri ni mzee kwa umri, ila hajui ikoje kumsubiri volontia ambaye hajaja na chumbani hakuna wa kukufungulia dirisha.

Tulikuwa na bibi mmoja mjumbe, miezi mitano hakuchangia neno, tukadhani ni mtu wa kimya tu. Siku moja nikakaa pembeni yake nikaona ameshika makabrasha mbali na uso, mkono umenyooka mpaka mwisho, halafu akayakunja taratibu akayaweka kwenye pochi. Maandishi yalikuwa madogo kama punje za mchanga! Kikao kilichofuata tukachapa kwa herufi za saizi 18, tukampelekea wiki nzima kabla na mjukuu wake akamsomea, na bibi akaja na maswali sita, la kwanza likawa kwa nini volontia anabadilishwa kila baada ya miezi mitatu wakati mzee ndo kwanza ameanza kumzoea. Hakuna msomi hata mmoja pale mezani aliyewahi kuuliza hilo. Kwa hiyo: herufi kubwa, makabrasha mapema, kikao asubuhi, mtu mmoja aongee kwa wakati mmoja na ageuke uso uonekane ili mwenye shida ya kusikia amfuate midomo, choo kiwe karibu, mapumziko kila baada ya saa moja, na usafiri shirika lilipe, asiulizwe.

Menejimenti iwe ndogo. Mkurugenzi, mtu wa huduma, mtu wa fedha, mtu wa wafanyakazi na mavolontia, na waratibu wa maeneo. Pesa ikiwa haitoshi mtu mmoja anaweza kubeba kazi mbili, isipokuwa anayelipa asiwe huyohuyo anayenunua. Waratibu wa maeneo wakae kwenye kikao cha menejimenti kama wajumbe, wasitumiwe tu meseji ya "tuma ripoti kabla ya saa kumi", na vikao vizunguke, leo makao makuu, mwezi ujao kule pembeni ambako viongozi hufika na wageni tu. Halafu kila mratibu apewe mfuko mdogo wa dharura wenye kikomo kinachojulikana, atumie kwanza, alete risiti na maelezo ndani ya siku mbili. Sisi tulipofanya hivyo wengine waliogopa pesa italiwa. Tukaweka ukaguzi wa kushtukiza na mambo yakaenda sawa, na hakuna tena mzee aliyekaa sakafuni akisubiri saini.

Jambo la ulinzi, yaani kuwakinga wazee wasinyanyaswe, lisipewe mtu yeyote aliyebaki bila kazi. Shirika la Afya Duniani linasema karibu mtu 1 kati ya 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi amefanyiwa unyanyasaji wa aina fulani ndani ya mwaka mmoja, tena hao ni wanaoishi kwenye jamii tu, kwenye vituo vya kulelea hali ni mbaya zaidi. Maana yake kati ya wazee wenu wapo ambao wanaumizwa na ndugu, jirani, na inawezekana kabisa na mtu wenu. Mteue kiongozi mmoja wa ulinzi, jina na namba yake zibandikwe kila ofisi na kila mzee apewe, na awe na njia ya kwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa bodi bila kupitia kwa mkurugenzi, kwa sababu ipo siku malalamiko yatamhusu mkurugenzi. Volontia asiende nyumbani kwa mzee kabla rekodi yake haijachunguzwa na wadhamini wake hawajapigiwa simu. Hakuna mtu wa shirika kushika kadi ya benki ya mzee wala namba yake ya siri, hakuna kukopa kwake, hakuna kuandikwa kwenye wosia wake. Mzee akisema anataka kumpa volontia zawadi kubwa kwa mapenzi yake, taarifa ije ofisini kwanza, na mzee aelezwe sababu kwa upole ili asijione amekataliwa.

Tarehe 15 Juni ni siku ya kimataifa ya kupaza sauti kuhusu unyanyasaji wa wazee. Wengine huchapisha fulana. Mimi nashauri siku hiyo bodi ikae na daftari la malalamiko, ukurasa kwa ukurasa, bila muhtasari wa mtu yeyote. Na daftari likiwa tupu msifurahi, ulizeni ni kwa nini wazee wanaogopa kusema.

Fedha sitaongea sana, mnayajua: saini mbili, ripoti ya ukurasa mmoja kila mwezi ambayo hata asiye mhasibu ataielewa, mkaguzi wa nje kila mwaka, na akiba ya kuendesha shirika angalau miezi 3 mfadhili akichelewa. Mzee hawezi kuambiwa mradi umeisha rudi mwakani.

Mwisho ni kupokezana. Tangu mkurugenzi anapoanza kazi awepo mtu anayejulikana kwa jina atakayekaimu, na mara moja kwa mwaka akaimu kweli wiki mbili nzima, mwenyewe akiwa likizo na simu imezimwa, muone nini kinakwama. Akiondoka moja kwa moja, makabidhiano yasiishie kwenye funguo na neno la siri la kompyuta. Atembee na mrithi wake kwenye nyumba kadhaa za wazee, zile za mbali, amtambulishe kwa jina, wakae, wasiangalie saa, mpaka mzee asikie ile sauti mpya na aulize mwenyewe, "na wewe utakuwa unakuja siku gani?"