Kifaa cha mtumba kinanuka? Achana na pafyumu kwanza

Kama unashona, unafuma au unafanya hizi kazi za kukata kata karatasi, hii lazima ushakutana nayo. Umepata kifaa cha mtumba kizima kabisa, makali yapo, kutu hakuna, unafika nacho nyumbani ukifungua tu mfuko harufu inakupokea. Wengi hapo wanakimbilia kupulizia pafyumu, siku mbili baadaye wana mkasi unaonuka sigara na maua kwa pamoja, na mimi naona hiyo ni mbaya kuliko sigara peke yake.

Harufu haielei tu hapo, imeshikilia kitu. Moshi wa sigara unaacha utando wa lami na nikotini, ule unjano unaonata ukipitisha kidole. Uvundo unatoka kwenye ukungu ulioota sehemu yenye unyevu. Huo uchafu usipotoka utapulizia mpaka uchoke, siku ya joto harufu inarudi vilevile.

Kwa hiyo anza kwa kunusa, na usicheke. Fungua kila kinachofunguka, nusa kipande kimoja kimoja. Mimi nilihangaika wiki nzima na cherehani ya mtumba, nimeifuta mwili mzima mpaka inang'aa lakini wapi. Kumbe mchawi ni boksi lake la mbao! Ndani kwa chini kulikuwa na kitambaa kizito kimegandishwa kwa gundi, kimenyonya moshi wa miaka sijui mingapi, nikakibandua nikatupa na nusu ya kazi ikaisha palepale. Nusu nyingine ilikuwa chini ya sahani ya sindano, vumbi la nyuzi limeshikana na mafuta ya zamani yaliyochacha, nikapitisha pamba ya masikio ikatoka ya kahawia kama nimeichovya kwenye chai.

Vya chuma ndio rahisi. Mikasi, sindano za kufumia, kulabu, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo halafu mswaki wa zamani, sugua hasa pale kwenye skrubu na ndani ya matundu ya vidole maana jasho la mikono ya watu limelala humo. Sigara ikibaki, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, chovya kitambaa, kamua, futa. Nikotini ni besi na siki ni asidi ndio maana inaitoa vizuri. Ila usiloweke, siki ikikaa kwenye chuma inaleta kutu, futa tena kwa maji, kausha saa hiyohiyo, weka tone la mafuta ya cherehani kwenye skrubu.

Plastiki inataka akili kidogo. Zile rula ngumu za kuona ndani usizifute na spiriti, zinapata nyufa ndogo ndogo kama nywele, sabuni na maji inatosha. Mkeka wa kukatia usiuoshe na maji ya moto wala usiuanike juani, unajikunja na kuunyoosha tena ni kazi. Mihuri ya raba nayo sabuni tu halafu kivulini.

Mbao usiloweke kabisa. Futa na kitambaa kilichokamuliwa vizuri, acha kwenye upepo siku kadhaa, harufu ikigoma piga msasa laini juu juu. Kwa boksi, ndani unaweza kupaka vanishi ya shelaki, inaifungia harufu humo kwenye mbao isitoke tena. Lakini safisha kwanza jamani, usipake vanishi juu ya uchafu.

Cherehani ya umeme chomoa kwenye umeme kabla ya chochote, na kimiminika kisifike kwenye mota. Toa vumbi kwa brashi, futa mafuta ya zamani, weka mapya, shona kitambaa cha kutupa mpaka kitoke bila madoa.

Sasa bekingi soda. Inasaidia ila watu wanaitumia vibaya. Usiimwage juu ya cherehani, ule unga ukikutana na mafuta unakuwa tope linalokwaruza. Weka kwenye kibakuli, kibakuli na kifaa vyote ndani ya ndoo yenye mfuniko, siku tatu mpaka wiki. Mkaa maalumu wa kunyonya harufu, ule wa kwenye filta za maji, unafanya vizuri zaidi ukiupata. Na ile ya kuchanganya siki na bekingi soda kwa pamoja ni povu la kufurahisha macho tu, asidi na besi zinamalizana zenyewe unabaki na maji yenye chumvi chumvi. Lakini siki na blichi usichanganye kabisa kabisa, inatoka gesi ya klorini na hiyo inaumiza mapafu.

Naftalini, zile tembe nyeupe za kufukuza wadudu kwenye nguo, ni kesi ya peke yake. Zinageuka kuwa mvuke moja kwa moja bila kuwa kimiminika kwanza, na joto linaongeza kasi, kwa hiyo dawa yake ni hewa, weka kifaa nje kivulini sehemu yenye joto na upepo, wiki mbili tatu na subira. Usilaze chumbani unapolala, huo mvuke sio wa kuvuta. Na kama ni ukungu, vaa barakoa na glavu, sugulia nje.

Kujua kama imetoka, funga kifaa kwenye mfuko wa plastiki usiku kucha, asubuhi mpe mtu ambaye hakuwepo afungue anuse, maana pua yako ishazoea. La kwangu boksi lilibaki na kaharufu kwa mbali kwenye bawaba, mpaka leo naliacha wazi.