Kipimo cha tairi kwa gari iliyoshushwa bodi karibu na ardhi
Kabla hujaenda Kariakoo kununua tairi za rimu mpya, piga hesabu ya kimo. Tairi ya 195/65R15 (upana milimita 195, ukuta asilimia 65 ya upana, rimu inchi 15) ina kimo cha takriban milimita 634. Kwa rimu za inchi 17, 215/45R17 inatoa 625: tofauti haifiki asilimia 2, na fenda inapata nafasi zaidi kidogo. Rimu iwe na upana wa inchi 7 hadi 8. Namba ya uzito, inayoonyesha mzigo ambao tairi inaweza kubeba, isishuke chini ya 91 ya tairi ya awali. 87 ikatae hata kwa bei nzuri. Ukuta wa tairi umepungua kutoka milimita 127 hadi 97, kwa hiyo upepo ukiwa mdogo, mashimo ya Dar yatapinda rimu. Ukishafunga, pakia watu wanne, kata usukani hadi mwisho, panda tuta polepole. Ikikwaruza, kagua kwanza ofseti ya rimu, yaani umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na sehemu inayofungwa kwenye habu.