Gepu, mwanya ama pengo? Jinsi ya kuchagua neno

Siku hizi chochote kilichoachana na chengine twaita gepu. Meno gepu, taili gepu, gari na gari gepu, hata mtu akiacha kazi ati kumebaki gepu. Fundi akiniambia weka gepu ya milimita 3 namuelewa fasta, sina neno, lakini ukikaa kuandika kitu cha kusomwa na watu hiyo gepu haikufikishi mbali.

Anza kujiuliza hivi: hapo palikuwa na kitu kikaondoka? Kama ndio, hilo ni pengo. Mtoto aliyeng'oka meno ya mbele ana mapengo, na yule asiyebakisha hata moja huyo ni kibogoyo. Ndio maana mtu akifa twasema ameacha pengo, si mwanya. Mwanya ni pale hakuna kilichotoka, vitu viwili vyote vipo ila vimeachana kidogo, kama meno ya mbele yalivyoota yenyewe, na huku pwani huo ni urembo kabisa, sasa wewe msifu bi harusi ati ana pengo zuri uone mashangazi watakavyokugeukia. Msikitini kabla ya swala utasikia zibeni mianya, yani sogeaneni bega kwa bega pasibaki uwazi kwenye safu. Magazeti nayo yanaandika mianya ya ufisadi, pale sheria haikubana mtu akapita.

Kama kitu ni kimoja na chaanza kuachana chenyewe, ukuta ama sahani, huo ni ufa, na zikiwa nyingi ni nyufa. Ufa hukua, ndio wahenga wakasema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Swali jengine, mtu aweza kupita? Mji wa Kale pale Mombasa nyumba zimekaribiana mpaka jua halifiki chini, ile njia nyembamba ya kukutokeza barabara ya Ndia Kuu ni kichochoro. Lakini ukiwa sokoni Kongowea asubuhi watu wamejaa, mikokoteni, magunia, na wewe wataka kujipenyeza tu, hapo watafuta upenyo, ambao dakika moja upo na dakika ya pili umezibwa na gunia la viazi. Usiuchanganye na kipenyo, hicho ni cha hesabu, mstari unaokata duara ukipita katikati. Na ukienda Lamu ukaona chumba kimejengwa juu ya njia kikiunganisha nyumba mbili, jina lake wikio, neno tamu sana na mimi huku mitaani silisikii tena. Maji ya baina ya kisiwa cha Mombasa na Likoni nayo hatuyaiti pengo wala mwanya, pale pa kuvukia ni kivuko, uwe kwenye feri ama la.

Nafasi ni tofauti kidogo, ni uwazi unaoweza kukaliwa. Makanga akisema ingieni ndani nafasi ipo, neno amelitumia sawasawa, uongo ni wake yeye. Ile batani ndefu ya kibodi pia ni ya nafasi.

Sasa kati, katikati na baina, hapa ndio watu huteleza. Bamburi iko kati ya Nyali na Shanzu, hiyo ni sawa hata kama haiko nusu kwa nusu. Ukiandika katikati ya Nyali na Shanzu msomaji atadhani umepima. Baina maana yake ni ile ile ya kati ila mimi naona yakaa vizuri zaidi kwa watu na mambo yao, siri baina yetu, ugomvi baina ya majirani.

Na kama wataka kutaja ukubwa wa huo uwazi, sema umbali ama masafa, halafu kama huna futi kamba tumia mwili. Shubiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho ukitanua kiganja, kama sentimita 23 hivi. Dhiraa ni kutoka kwenye kiko cha mkono hadi ncha za vidole, karibu nusu mita. Ukitanua mikono yote miwili ncha kwa ncha hiyo ni pima, na kwa pima ndio mabaharia hutaja kina cha maji.